Bati Jipya

Kwanza nilidhani ni kinu cha Kabamba,
kile cha kona ya pili, kinachosaga mahindi huku kikikohoa.
Kisha nikakumbuka leo Jumapili,
na Kabamba Jumapili hasagi, anaimba besi kanisani.

Nilikuwa juu ya paa, Katuba,
misumari sita mdomoni,
napigilia bati jipya la shangazi Numbi.
Miaka mitatu tumelichangia.
La zamani lilikuwa chujio, si bati.
Agosti. Vumbi jekundu. Mbali, bomba la moshi lisilotoa moshi,
na ule mlima mweusi wa masalio ya shaba
umelala kando yake kama mbwa asiye na la kulinda.

Sauti ikaja kutoka upande wa Luano.
Si mluzi wa ndege za siku hizi
zipitazo juu bila salamu, kama mtu anayedaiwa.
Hii ilikuwa na kifua.
Ilikuwa na makohozi, na mafuta, na vyuma vinavyobishana,
vikakubaliana, vikabishana tena.
Niliihisi magotini kabla ya masikioni,
na misumari ikaanza kutetema kwenye meno.

Ndiyo ile! Ya fundi Senga!
Mji mzima ulimcheka miaka tisa.
Pangaboi alilikuta limeshikilia kona ya zizi la mbuzi,
kiti cha rubani kwa kinyozi wa Kamalondo,
wateja wamekikalia hadi ngozi imelainika,
na kipande cha bawa kilikuwa mlango wa jiko la mjane
aliyedai mlango mwingine, wa mbao, na bawaba zake.
Akampa.

Ikatokea juu ya mikaratusi, chini, chini kabisa,
fedha tupu, tumbo limepigwa msasa,
ningeweza kuhesabu ribiti.
Chini ya mabawa, pale palipobeba kitu zamani,
viraka vinne vya mviringo.
Niliviona. Sikuvitafakari.
Nilitema misumari nikapiga kelele,
mimi wa miaka hamsini na miwili,
nikapunga nyundo.
Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo.
Iliinamisha bawa moja, jua likateleza juu yake
kama yai kwenye kikaango

"Kasweka!"

Sikuwahi kumsikia shangazi kwa sauti hiyo.
Ilikuwa sauti ya msichana.
"Kasweka, shuka! Shuka juu ya manjanja! Inangala!"

Nikatazama chini.
Hakukimbia, goti lake halikubali.
Alikuwa anafunika vitu.
Sufuria kaipindua kivulini.
Beseni kalitupia kitenge.
Kioo cha ukutani, kijiko, hata kopo la maziwa ya mtoto,
kila kinachong'aa kilipata nguo,
na mikono yake haikukosea wala haikuharakisha,
mikono iliyofundishwa kazi hiyo ikiwa na miaka saba,
mji huu ulipokuwa bado na jina la malkia
na mama mmoja akasahau beseni la maji uani.

Hilo la beseni hajawahi kulisimulia lote.
Akifika kwenye maji, anaomba chumvi.

Ndege ikazunguka, ikarudi.
Watoto wa mtaa barabarani wanashangilia, ndeke! ndeke!
na mimi juu ya mabati kumi na nane mapya
yanayoonekana, bila shaka, hadi Likasi.
Nikavua shati, nikalitandaza.
Halikufunika hata nusu ya bati moja.
Basi nikalala juu ya kilichobaki, mikono wazi,
kifua kikiungua,
mpaka sauti ikaenda zake upande wa Luano,
ikawa kinu tena, ikawa kikohozi, ikawa Jumapili.

"Imeenda?"
"Imeenda, shangazi."
Akafunua sufuria, akaitazama ndani,
akasema unga wa bukari hautoshi, nishuke nikanunue,
na huyo aliyeitengeneza ile ndeke
ni fundi kweli, hata kikohozi chake amekirudisha.

Misumari niliyotema, tulipata minne.